Sindano niliyoipinga kwa shairi

Msomaji mpenzi, deni ni deni hata likiwa la maneno. Leo sikukuletea habari za ngoma wala za mashindano ya mashairi. Nimekuja kulipa deni nililolikopa mwenyewe mwaka wa 2012, mbele ya watu, kwa ulimi wangu huu, na tangu siku hiyo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mwezi wa Juni mwaka huo serikali ilitangaza ya kwamba itaanza kuwapa sindano na mabomba mapya wale wanaojidunga unga, yaani heroini, ili wasiambukizane virusi vya UKIMWI. Habari hiyo ilipotua Mombasa ilikuwa kama jiwe lililorushwa kwenye mzinga wa nyuki. Mabarazani, misikitini na Marikiti, watu hawakuwa na jingine la kusema. Jioni moja tukakusanyika katika ukumbi mmoja wa Mji wa Kale, wazee kwa vijana, na kama ijulikanavyo, kwetu sisi Wapwani jambo haliwi jambo mpaka litiwe katika shairi. Nikaombwa nighani. Nami sikungoja kuombwa mara ya pili:

Mwatwambia ni matiba, sindano za mitaani,
Mwizi mwampa mkoba, kisha mwamwacha dukani,
Nyumba yaungua, baba, mwaongeza kuni ndani,
Sumu haiwi ni toba, hatuzitaki mjini.

Ukumbi ulirindima. Watu walipiga makofi, wazee wakanishika mkono mmoja baada ya mwingine, na mimi nikaketi kichwa kimenivimba. Lakini upande wa akina mama alikuwako dadangu, tumbo moja na mimi, naye hakupiga kofi hata moja. Alinisubiri nje, buibui amejifunga vizuri, uso hauna hasira wala furaha.

"Kaka," akaniambia, "leo umewafurahisha watu. Sasa niambie, mwanangu mimi usiku huu atajidunga kwa sindano ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tumwachie Mungu, nikaenda zangu. Kwamba mpwa wangu anavuta unga nilikuwa nikijua. Kwamba amefikia kujidunga sikujua, au niseme kweli, sikutaka kujua.

UNGA ULIVYOPATA NJIA

Kwa faida ya msomaji wa bara, nieleze kidogo. Bahari iliyotuletea dini, vyombo na wageni wa kila aina, ndiyo iliyotuletea na unga huu. Heroini itokayo Asia hupita katika mwambao wetu ikielekea kwengine, na kila kipitacho hudondosha. Katika miaka ya themanini tuliujua kwa jina la brauni shuga, nao ulikuwa wa kuvutwa. Mtaalamu wa Kiingereza, Susan Beckerleg, aliandika mwaka wa 1995 juu ya vijana wa Pwani waliokuwa njia panda, huku wakiitwa na unga, huku wakiitwa na swala ya Ijumaa. Nani kati yetu aliyeyasoma maneno yake? Yalichapishwa katika jarida la wataalamu, yakakaa huko huko.

Mwishoni mwa miaka ya tisini ule unga wa rangi ya udongo ukaadimika, mahali pake ukaingia mweupe. Mweupe huyeyuka upesi katika maji, basi vijana wakaanza kuutia mshipani. Beckerleg na wenzake walilieleza jambo hilo mwaka wa 2005 kutokana na utafiti walioufanya Malindi. Mwaka uo huo watafiti waliokuwa Dar es Salaam walieleza jambo la kusikitisha zaidi: mwanamke aliyekwisha kujidunga huvuta damu yake katika bomba akampa mwenzake aliyekosa, aidunge, kwa kudhani kwamba ndani ya ile damu mna unga uliobaki wa kumtuliza. Huruma ya maskini kwa maskini ndiyo iliyogeuka kuwa njia ya maradhi.

Virusi vya UKIMWI havina daraja fupi kuliko hilo. Damu ya mtu mmoja inabaki ndani ya bomba, mwingine anaitia moja kwa moja katika mshipa wake. Uchunguzi wa mwaka wa 2011 ulikuta ya kwamba, hapa Kenya, katika kila watu 100 wanaojidunga, kiasi cha 18 walikuwa na virusi. Kwa watu wazima wote wa nchi hii, uchunguzi wa taifa wa 2012 ulipata asilimia 5.6. Piga hesabu mwenyewe.

Na mateja hawaishi kisiwani peke yao. Wana wake, wana waume, wana wapenzi. Daraja likishajengwa, kila mtu hupita.

WALIOJUA WALIJUA ZAMANI

Jambo linaloniuma ni kwamba dawa ya tatizo hili haikuwa siri. Mwaka wa 1984 katika mji wa Amsterdam, watumiaji wa unga wenyewe, kupitia chama chao, walidai wapate kubadilisha sindano kwa kuogopa homa ya ini. Huko Edinburgh, Uskochi, mambo yalikwenda kinyume: polisi walikuwa wakali, na sindano ikawa kitu adimu, vijana wakawa wanaishi na moja watu kadhaa. Mwaka wa 1986 daktari mmoja wa huko alitangaza kwamba kiasi cha nusu ya wagonjwa wake wa heroini aliowapima walikuwa tayari wana virusi. Mwaka huo huo, mji wa Liverpool, ambao haukupungukiwa na unga, ulianza kubadilisha sindano, na janga la namna ya Edinburgh halikuwafika.

Tena iko dawa ya methadoni. Hii ilielezwa na madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York mwaka wa 1965, kabla mimi sijazaliwa. Ni maji ya kunywa katika kikombe kidogo. Hukaa mahali pale pale katika ubongo ambapo heroini hukaa, lakini huingia polepole na kudumu mchana kutwa na usiku kucha, kwa hiyo mtu hapati kile kilevi cha ghafla wala hashikwi na arosto, ule uchungu wa viungo, kutapika na kuharisha unaomfanya auze hata sufuria ya mamake. Akitulia mwili, akili hurudi, na sindano haina kazi tena. Katika mwaka ule ule wa 2012 niliosimama kughani, jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha majumuisho ya tafiti za nchi mbalimbali yaliyoonyesha kwamba wanaojidunga, wakipata matibabu ya namna hiyo, hatari yao ya kuambukizwa virusi hupungua kwa asilimia 54.

Wala haikuwa lazima kutazama mbali. Jirani zetu wa Tanzania walikwisha kuanza kutoa methadoni katika hospitali ya Muhimbili tangu Februari 2011.

Basi jiulize, msomaji: kama haya yote yalijulikana, mbona hayakufika Kibokoni na Kisauni? Meli hutoka Liverpool ikafika Kilindini kwa majuma machache. Elimu hii ilichukua miaka zaidi ya ishirini na mitano.

NENO LILILOTUPONZA

Baada ya lile tangazo, baadhi yetu tulialikwa katika hoteli moja ya ufukweni tukaelezwe. Hoteli siitaji, wala ofisi iliyotualika. Mgeni alikuwa mtu mwema, amesoma, amevaa vizuri, na alileta picha za ukutani zenye mistari inayopanda na kushuka. Alisema kwa Kiingereza, na kijana mmoja akafasiri. Na katika kufasiri, neno lililotoka lilikuwa hili: "kugawa sindano."

Nataka kulisimamia neno hilo, maana maneno ndiyo kazi yangu. Kwa Mswahili, kugawa ni kugawa sadaka, kugawa nyama ya akika, kugawa mchele wa njaa. Kinachogawiwa ni neema. Mzee aliyeketi mbele yangu aliposikia kwamba serikali inagawa sindano, alichosikia ni kwamba serikali inagawa unga. Hakuna aliyetuambia kwamba jambo lenyewe ni kubadilisha: lete uliyotumia, ichomwe moto, chukua isiyo na damu ya mtu. Hakuna aliyetuambia kwamba anayekuja kuchukua sindano ndiye anayepimwa virusi, anayechunguzwa kifua kikuu, na anayeoneshwa njia ya kwenda kutibiwa uraibu. Tulionyeshwa sindano, ile njia hatukuonyeshwa.

Lakini nisiwaseme wageni peke yao. Sisi nasi tulikuwa na maswali ya haki. Tuliuliza: watoto wetu wakizikanyaga? Tuliuliza: mbona wauzaji wakubwa wanapita na magari yao, hawaguswi, na polisi wanamkamata teja mwenye sindano mfukoni? Tuliuliza: je, hii ndiyo tiba ya watoto wetu, au mmekwisha kukata tamaa nao? Maswali hayo yalihitaji majibu. Waliokuwa na majibu hawakualikwa. Mama wa teja hakuwamo ukumbini. Kijana aliyeacha unga hakuwamo. Tulikuwamo sisi wenye makoti na wenye makanzu, tukibishana juu ya miili ya watu ambao hakuna aliyewauliza.

ASUBUHI UFUKWENI

Miezi ikapita. Dadangu ni mtu wa maneno machache, lakini hasahau. Siku moja alinitumia ujumbe kwamba asubuhi, baada ya swala, nifuatane na kijana fulani. Kijana huyu aliwahi kuwa teja miaka saba, akaacha, na sasa alikuwa mhudumu wa mitaani wa shirika mojawapo kati ya yale yanayofanya kazi hiyo hapa Pwani.

Tulishuka nyuma ya ukuta mmoja mkongwe karibu na bahari. Mkononi alikuwa na kasha gumu la plastiki na koleo refu. Jambo la kwanza alilolifanya halikuwa kumpa mtu sindano. Aliinama akaanza kuokota. Mchangani, katika nyufa za ukuta, chini ya mkungu. Nilianza kuhesabu zile anazoziokota, nilipofika thelathini nikaacha. Nilipajua mahali hapo. Ndipo watoto wa mtaa wanapochezea mpira baada ya alasiri, miguu mitupu.

Wakaanza kuja, mmoja mmoja. Nyuso zao nilikuwa nazijua. Huyu mtoto wa fundi seremala, yule nilisoma na babake. Kila mmoja aliitia yake katika kasha kwanza, ndipo akapewa mpya na pamba yenye dawa ya kusafishia. Na kijana yule akawa anauliza, kwa sauti ya mtu na nduguye: lile jeraha limefunga? Kikohozi je? Ulikwenda kupimwa? Mkeo naye? Wakamjibu. Mimi niliyewatungia shairi sikuwahi kumwuliza hata mmoja wao swali moja.

Tulipokuwa tukirudi aliniambia, wala hakuwa na kejeli, "Ami, siku ile ulisema twaongeza kuni. Kuni ndizo hizi. Mimi nazitoa."

Nilifika nyumbani sikunywa chai.

KWA MAALIM

Nikenda kwa maalim wangu, yule aliyenisomesha Kurani chuoni nikiwa na umri wa miaka sita, na ambaye mkwaju wake naukumbuka hadi leo. Alikuwa mzee sana, ameketi barazani na kahawa yake. Nilimweleza yote, nikitaraji atanisaidia kupinga kwa hoja za dini.

Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Mtu akizama pale Mlango wa Papa, utamwuliza kwanza kama alikwenda kuogelea kwa idhini ya babake?"

Nikasema la.

"Taib. Sheria zote zimewekwa kulinda mambo matano, na uhai ni mojawapo. Na wewe nilikusomesha ya kwamba madhara mawili yakikutana, na hapana budi ya moja, hubebwa lile lililo jepesi. Unga ni haramu, na utabaki haramu. Lakini sindano chafu humwua yeye, na mkewe, na aliye tumboni mwa mkewe. Lipi zito?"

Baadaye nilipekua habari nikaona kwamba maalim hakuwa peke yake. Iran, nchi inayotawaliwa na wanazuoni, ilikuwa na sindano na methadoni hata katika magereza yake, na Januari 2005 mkuu wa mahakama wa huko, Ayatollah Shahroudi, aliwaagiza waendesha mashtaka wasiwaingilie wanaotoa huduma hizo. Malaysia ilianza methadoni mwaka wa 2005 na kubadilisha sindano mwaka wa 2006, na hatimaye katika Kuala Lumpur methadoni ikatolewa ndani ya msikiti, ambapo mtu hupata dawa yake na darsa yake mahali pamoja. Hayo mambo mgeni wa hotelini angetuambia siku ya kwanza, labda mimi nisingesimama kughani. Alituletea Amsterdam, akaiacha Kuala Lumpur.

Maalim hakusema jambo hilo katika hotuba ya Ijumaa. Alianza katika darsa baina ya magharibi na isha, kwa watu kumi na tano. Aliwaomba wataalamu jambo moja tu: waje uani mwa msikiti, waketi mkekani, waseme Kiswahili, na waje na yule kijana wa kasha. Wakaja. Watu waliuliza mpaka maswali yakaisha. Baraza moja kama hilo haligeuzi mji, lakini mabaraza ya namna hiyo yalikuwa yakifanyika huku na huku, Mombasa na Malindi, na polepole mioyo ikalainika. Methadoni ya kwanza nchini ilitolewa Nairobi, hospitali ya Mathari, mwishoni mwa 2014. Mapema 2015 ikafika Malindi, na mwaka uo huo Kisauni.

KIKOMBE CHA KILA SIKU

Mpwa wangu alipimwa mwaka wa 2014. Akakutwa na virusi.

Hakuna awezaye kuniambia aliambukizwa kwa sindano ya siku gani, wala mkono wa nani. Huenda ni kabla ya shairi langu, huenda ni baada. Dadangu hakunitupia neno hata siku moja. Lakini najua kwamba katika zile siku ambazo mji ulikuwa ukibishana, naye alikuwa akijidunga kwa sindano aliyoiokota, sauti yangu ilikuwa upande wa wabishi. Hilo ndilo deni.

Kisauni ilipofunguliwa alikuwa miongoni mwa walioandikishwa. Kila siku iendayo kwa Mungu, awe na homa, kunyeshe, kuwe na arusi, ni lazima afike akanywe mbele ya muuguzi. Watu hudhani ni jambo jepesi. Nauli ya kila siku ni mlima kwa asiye na kazi, na kazi ni mlima kwa mtu ambaye lazima kila asubuhi awe foleni. Ramadhani ya kwanza alikuja kwangu machozi yanamlenga: dawa hunywewa mchana, na yeye ndiyo kwanza anataka kufunga baada ya miaka mingi. Nikampeleka kwa maalim. Maalim akamwambia mgonjwa ana ruhusa yake, asiache dawa hata siku moja bila kumwuliza muuguzi, na siku alizokula atazilipa akiweza, asipoweza atalisha maskini. Nimeona dawa nyingi zikishindwa mahali kama hapo, kwa kukosa mtu wa kujibu swali moja dogo.

Aliteleza mwaka wa 2017. Miezi mitatu hatukumwona. Kijana wa kasha ndiye aliyemtafuta akampata, akamrudisha, na pale kliniki hawakumfukuza. Tangu hapo amesimama.

Alianza pia dawa za kupunguza makali ya virusi. Na hapa tena nikakutana na utafiti uliokuwa umekaa kabatini. Mwaka wa 2011 uchunguzi mkubwa wa mume na mke ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana, uliofanywa katika nchi kadhaa na hata mjini kwetu Kisumu, ulionyesha kwamba mwenye virusi akianza dawa mapema, hatari ya kumwambukiza mwenzake hupungua kwa asilimia 96. Leo inajulikana kwamba aliyetumia dawa mpaka virusi havionekani tena katika damu yake hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Mpwa wangu sasa ana mke, ana binti. Wote wawili wamepimwa, hawana virusi. Binti huyo huja kwangu Jumamosi kujifunza mashairi, na ana sauti kunishinda.

SINDANO NYINGINE YAJA

Nisingaliyafukua haya kama yangekuwa ya jana tu. Iko sindano nyingine njiani.

Miaka ya nyuma tuliletewa kidonge cha kujikinga, kinachomezwa na mtu asiye na virusi. Tafiti za hapa Kenya na Uganda zilionyesha kwamba kinafanya kazi, na serikali ilianza kukitoa kwa wote wanaokihitaji mwaka wa 2017. Lakini mapema zaidi, uchunguzi mmoja uliohusisha wanawake 2,120, wakiwamo wa Bondo kwetu na wengine wa Tanzania na Afrika Kusini, ulisimamishwa mwaka wa 2011 kwa kuwa kidonge hakikuwakinga. Damu zao zilipopimwa, wenye dawa mwilini hawakufika hata wanne katika kila kumi. Wengi hawakujiona wako hatarini, kwa hiyo dawa ikabaki chupani. Dawa haikosi kufanya kazi, inakosa kumezwa. Na inakosa kumezwa kwa sababu ambazo darubini haizioni: chupa inayolia mkobani, mume anayeuliza, jirani anayedhani wewe ni mgonjwa.

Mwaka wa 2024 ikatangazwa dawa iitwayo lenakapaviri, inayodungwa mara mbili tu kwa mwaka. Katika uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini na Uganda, wanawake na wasichana 2,134 walidungwa dawa hiyo, na wakati matokeo yalipotolewa hakuwa ameambukizwa hata mmoja. Julai 2025 Shirika la Afya Ulimwenguni likaipendekeza itumike, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizochaguliwa kuipokea mapema.

Hakuna chupa ya kulia mkobani. Hakuna kidonge cha kila siku. Lakini ni sindano, nami najua mji wangu unavyolisikia neno hilo. Watu watauliza: mbona mwamdunga mtu mzima asiye mgonjwa? Itazuia uzazi? Ni ruhusa ya kuzini? Maswali hayo yakiachwa bila jibu kwa miezi sita, yatakuwa mashairi. Mwaka mmoja yatakuwa imani.

Na kumbukeni jambo la pili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, vituo kadhaa vya mitaani vilifunga milango, na wahudumu wakarudi majumbani. Dawa inaweza kununuliwa tena fedha zikipatikana. Yule kijana wa kasha, ambaye watu humwambia siri zao, hanunuliki dukani. Ilichukua miaka kumpata. Mkimwacha aende, mtaanza tena hotelini, na picha za ukutani. Kwa hiyo kaunti zetu na serikali yetu zimweke katika hesabu yao kama wanavyomweka muuguzi.

Nanyi washairi wenzangu, na maimamu, na wazee wa mabaraza, nawaomba tusingoje kualikwa. Jambo jipya likija, tuulize kabla ya kughani. Tumwulize aliyeumia kwanza. Mimi sikuuliza.

Maalim amekwisha kutangulia, Mungu amrehemu. Dadangu yuko, na Ijumaa iliyopita nilimsomea ubeti huu sebuleni kwake, kwa vina vile vile vya mwaka wa 2012, maana deni hulipwa kwa sarafu iliyokopwa:

Leo naileta toba, mbele yenu hadharani,
Niloona ni msiba, kumbe ni ngao mwilini,
Mwana hafukuzwi, baba, huondolewa shimoni,
Elimu pasi mahaba, hubakia kabatini.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga makofi. Aliinuka akanimiminia kahawa, akasema, "Sasa kawasomee wale wale."

Ndiyo maana nimeandika.